Tangazo limebandikwa, watu hawaelewi: tafuta kosa, lirekebishe

Nina sekretaria ndogo, yaani ofisi ya kuchapa karatasi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa Birere. Kompyuta mbili, mashine ya kuchapa, mashine ya fotokopi inayotoa weusi tu, na jenereta ya kutuokoa umeme ukikatika. Watu huniletea matangazo ya mikutano ya avenu (mtaa), barua za kuomba kazi, afishi (mabango) za semina za kanisa, fomu za vikundi vya likelemba, vile vya kuchangiana pesa kwa zamu. Asubuhi wanachukua karatasi zao. Jioni, au kesho yake, wengine wanarudi na lalamiko lilelile: "Watu hawajaelewa." Na karibu wote wanaomba dawa moja, tuongeze maelezo.

Mara chache sana hiyo ndiyo dawa. Hapa nimekusanya makosa yanayorudi kila wiki, nimeyapanga kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na yako, uanze na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea zaidi. Ukikuta neno SIMAMA, acha kurekebisha hata kama mteja ana haraka, umtafute mwenye kazi hiyo.

Kipimo cha kufanya kabla ya yote

Mpe karatasi mtu asiyehusika. Mimi humpa mama anayeuza makala, yaani makaa, karibu na mlango wangu. Anasoma mara moja, ninachukua karatasi, kisha ninamuuliza: "Mama, wanataka ufanye nini? Na lini?" Basi, maswali mawili tu.

Usimuulize kama ameelewa. Kwa heshima atakuambia ndiyo, nawe utaenda kuchapa kopi mia mbili za karatasi mbovu. Mtazame pia anavyosoma. Macho yake yakirudi nyuma kwenye mstari uleule, weka alama hapo kwa kalamu, kwa sababu ugonjwa uko mahali hapo hata kama wewe unaona sentensi ni nzuri.

Dalili ya 1: Watu wanasoma tangazo, halafu wanapiga simu kuuliza kilichoandikwa

Sababu ya kwanza: jambo lenyewe limefukiwa chini. Pigia mstari neno la kwanza linalomwambia msomaji la kufanya: chota, lipa, njoo, leta. Likiwa chini ya nusu ya karatasi, lipandishe juu. Ni kazi ya dakika mbili, na matangazo mengi yanapona hapohapo.

Sababu ya pili: matangazo matatu yamepanda pikipiki moja. Mkutano, mchango wa taa, na salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ya Jumamosi. Kila msomaji atashika moja na kuyaangusha mawili. Yatenganishe. Kama pesa ya karatasi ni ya shida, kata karatasi moja vipande vitatu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifundisha mengi, nitakaa nayo. Mwenyekiti mmoja wa kamati ya maji aliniletea hili:

"Kamati ya maji, kwa kuzingatia hali ya sasa ya usambazaji wa maji na katika juhudi zake za kuboresha huduma, inawajulisha wakaaji wote kwamba kutokana na kazi za ukarabati wa bomba kuu kutakuwa na usumbufu katika upatikanaji wa maji kuanzia siku ya Jumanne, hivyo kila familia inaombwa kuchukua hatua zinazofaa."

Nikamuuliza: "Papa, hatua zinazofaa ni zipi?" Akasema, kuchota mapema. "Mapema lini?" Jumatatu. "Na maji yatarudi lini?" Akanyamaza. Akatoka nje, akampigia fundi simu, akarudi na habari ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo: kazi ni ya siku mbili, si moja. Kumbe sentensi ile ndefu ilikuwa imefunika shimo. Kamati ilikuwa haijajua, na maneno makubwa yalikuwa yanashika nafasi ya habari iliyokosekana.

Tulichochapa ni hiki:

"Jambo wakaaji wote wa avenu. Jumanne na Jumatano robine (mabomba ya maji) hazitatoa maji. Choteni Jumatatu kabla ya giza. Bomba kuu linatengenezwa. Maji yatarudi Alhamisi asubuhi. Ukiwa na swali, muone katibu wa kamati."

Kwa hiyo, ukikutana na "hatua zinazofaa", "muda si mrefu", "kwa utaratibu uliowekwa", "wahusika wote", usianze kuhangaika na lugha. Uliza hatua zipi, muda gani, utaratibu upi, nani. Mwenye tangazo akishindwa kujibu, huna kosa la uandishi la kurekebisha. Tangazo bado halijaiva. Mrudishe kwa upole akaamue, halafu aje.

Neno "Jambo" la mwanzo lilitoka kwa mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimelikata. Aliposoma rasimu yangu alisema inasikika kama amri ya askari, na alikuwa na haki. Kwetu mtu haanzi na "choteni". Salamu moja haimchoshi msomaji, inamfungua masikio. Urahisi wa kukata heshima nimeuacha tangu siku ile.

Sababu ya nne, ambayo ni nadra: karatasi ni nzuri lakini imebandikwa pabaya, juu sana au nyuma ya mlango unaofunguliwa mchana kutwa. Nenda ukaione kwa macho yako kabla ya kubadilisha hata nukta.

Dalili ya 2: Barua imesomwa, na jibu ni "Unaomba nini?"

Hii ni ya barua za ofisini. Kijana mmoja aliomba kazi ya udereva. Barua ilikuwa na mistari 19, na neno "dereva" lilitokea mstari wa 16. Kabla yake kulikuwa na heshima kubwa ya kuja kwa unyenyekevu mbele ya mamlaka ya juu ya bwana mkurugenzi, na matumaini kwamba barua itamkuta katika afya njema yeye na familia yake na wafanyakazi wake wote.

Sababu kubwa ni desturi. Mtindo huo tumeurithi kutoka ofisi za Kifaransa, tukauweka katika Kiswahili, tukauongezea chumvi yetu. Siushambulii wote. Acha fomula moja ya heshima mwanzoni na moja mwishoni, na zilizobaki uziondoe. Halafu tazama mstari wa "Kuhusu" kule juu. Wengi huandika "Ombi" peke yake. Andika "Ombi la kazi ya udereva". Mkubwa wa ofisi mwenye rundo la barua husoma mstari huo kwanza, na siku nyingine ndio pekee anaousoma.

Sababu inayofuata ni woga. Mwombaji anaona aibu kuomba, kwa hiyo anazunguka. Hapo ninamwambia aniambie kwa mdomo, kama tuko wawili tu, anataka nini. Anasema: "Nataka kazi ya udereva, nina permi (leseni), na gari kubwa naliweza." Ninaandika hayo hayo, ninaweka heshima pembeni yake, barua imekwisha. Ulimi una akili ambayo kalamu inaipoteza.

SIMAMA kama barua inakwenda mahakamani, au inajibu karatasi yenye siku ya mwisho ya kujibu. Kule maneno fulani yanatakiwa yawe kama yalivyo. Mpeleke mteja kwa avoka, yaani wakili. Kumwandikia barua nyepesi na nzuri inayomfanya apoteze haki yake ni kumdhuru.

Dalili ya 3: Umefupisha, na sasa watu wanafanya makosa ambayo hawakuwa wakifanya

Dalili hii inaniogopesha kuliko zote, kwa sababu karatasi yenyewe inapendeza. Ni safi, ina nafasi, kila mtu anaisifia. Kosa linaonekana nyumbani kwa watu.

Chukua maji ya chumvi na sukari kwa mtoto mwenye kuhara. Hapa kando ya Ziwa Kivu kipindupindu hakijatuacha, na karatasi hii nimeichapa mara nyingi. Kipimo kinachofundishwa cha kutengeneza nyumbani, pale ambapo pakiti ya kituo cha afya haipatikani, ni hiki: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na kila kijiko kisawazishwe, kisiwe na mlima.

Siku moja afishi ilikuwa imebanana. Kijana anayenisaidia akaona maneno "kisawazishwe, kisiwe na mlima" yanachukua mstari mzima, akayatoa. Afishi ikapumua. Kwa bahati nilikuwa na kijiko dukani. Nikachota chumvi kwa mlima, nikaimwaga juu ya karatasi, kisha nikachota nyingine nikapitisha kisu juu yake, nikaimwaga kando ya ile ya kwanza. Marundo mawili, na lile la mlima lilikuwa limemshinda mwenzake kwa mbali. Kijana aliyatazama bila kusema kitu, akarudi kwenye kompyuta. Chumvi ikizidi, mtoto anaumia. Mstari ule ndio uliokuwa na kazi kubwa kuliko picha zote tatu za afishi.

Chunguza kwa utaratibu huu. Kwanza tazama namba: je, kila namba bado ina kipimo chake? "Weka 6" ya nini, kijiko cha chai au cha mezani? Pili, tazama maneno ya mpaka: kabla, baada, isipokuwa, angalau, tu. Ni maneno mafupi, yanakatwa upesi, na ndiyo yanayobeba maana. Tatu, tazama "hii", "hiyo", "yule". Ulipokuwa na mistari kumi tulijua "hiyo" ni bidoni (dumu) ipi. Sasa imebaki mistari minne na bidoni imekatwa, "hiyo" inaning'inia hewani.

Kisha tazama majina. Tarehe 27 Mei 2021, siku 5 baada ya volkeno ya Nyiragongo kutapika, serikali ya jimbo iliagiza wakaaji wa kartie (vitongoji) 10 kati ya 18 za mji wahame. Orodha ya majina kumi ni ndefu, haipendezi kwenye karatasi. Mtu wa kufupisha angeandika "wakaaji wa Goma wahame". Lakini mama wa kartie isiyotajwa angebeba watoto na magodoro kuelekea mji wa Sake bila kuagizwa, na wa kartie iliyotajwa asingesikia kwamba ni yeye anayeitwa. Orodha ya namna hiyo iache yote, herufi kubwa, jina moja kila mstari.

SIMAMA kwenye kila kitu kinachomezwa au kuchomwa sindano. Usibadilishe hata koma ya kipimo cha dawa bila muuguzi au daktari kusoma rasimu ya mwisho, ile yenyewe inayokwenda kuchapwa. Na karatasi za Observatoire Volcanologique de Goma, ofisi inayochunguza volkeno, ni za kunakiliwa kama zilivyo. Hazifupishwi, hazipambwi, hazitafsiriwi kwa kubahatisha.

SIMAMA pia kwenye karatasi za kuuza parseli (kiwanja). Wateja huniomba niandike tu "karatasi za kiwanja" ili isiwe na maneno mengi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inatambua haki ya mtu juu ya parseli kwa sertifika ya anrejistrema, yaani hati ya usajili. Fishi ya parseli ni kitu kingine, na haina nguvu ile. Ukiyaita yote "karatasi", umemsaidia muuzaji mwongo. Yaandike majina yao kamili, na mtu akamuone notera, mthibitishaji wa mikataba.

Dalili ya 4: Afishi imejaa, jicho halijui litue wapi

Sababu ya kwanza: kila aliyetoa pesa anataka alama yake ionekane. Nimechapa afishi ya kunawa mikono yenye alama saba za washiriki na picha moja ya mikono, na mikono ndiyo iliyokuwa midogo. Hapa kazi yako ni kuzungumza na watu. Pendekeza alama zote zikae kwenye mstari mmoja chini, kwa urefu sawa. Zikilingana, hakuna wa kulalamika.

Sababu ya pili: mteja anaona nafasi nyeupe ni pesa iliyopotea. "Nimelipia karatasi nzima, kwa nini umeacha hapa patupu?" Maelezo hayamtoshi, mwonyeshe. Chapa mbili, zibandike ukutani, mpeleke ng'ambo ya barabara, umuulize anasoma ipi. Hadi leo sijaona mteja aliyechagua iliyojaa akiwa amesimama kule.

Sababu ya tatu: aina nyingi za herufi. Ziwe mbili, zisizidi. Pita, ni rahisi.

Sababu ya nne ni ya kwetu kabisa: rangi inayokufa kwenye fotokopi. Afishi inatoka kwa mbunifu ikiwa na rangi, nyekundu ya hatari na kijani ya usalama. Inafika mtaani, inapigwa fotokopi nyeusi, na zote mbili zinakuwa kijivu kilekile. Mfano mzuri ni rangi nne za tahadhari ya volkeno tunazozijua wote hapa: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Ni mpango mwepesi, hata mtoto anaushika. Upitishe kwenye mashine yangu, utapata madoa manne ambayo hayasemi kitu. Kwa hiyo andika jina la rangi ndani ya rangi, kwa herufi nene. Kabla ya kuchapa nyingi, piga kopi moja nyeusi, kisha upige kopi ya ile kopi. Ikisomeka bado, endelea.

Kama umeondoa hayo yote na bado imejaa, tatizo ni zito zaidi: umeonyesha vitu vyote ulivyonavyo, hukuchagua anavyohitaji msomaji. Ramani ndizo zinazoanguka sana humo. Mwaka 1933 abiria wa treni za chini ya ardhi za London walipewa ramani mpya iliyochorwa na Harry Beck, mtu aliyezoea kuchora michoro ya umeme. Hakuchora barabara wala vilima, akanyoosha reli zote ziwe mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari, akavilinganisha vituo kama vile vina umbali mmoja. Mto Thames aliuacha, ili watu wajue wako upande gani wa mji. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa limekataliwa, lilionekana limeenda mbali mno na desturi. Lakini mtu aliye chini ya ardhi haoni barabara wala vilima. Anataka kujua apande laini gani na abadilishe wapi.

Kanisa moja liliniomba ramani ya kufika kwenye semina, na rasimu yao ilikuwa na kila avenu, kila duka na mti mmoja. Tulibakiza barabara kubwa, mzunguko wa Rond-point Signers, kituo cha mafuta, na mshale mmoja. Lakini angalia, Beck alikuwa na abiria waliokaa. Sisi tuna watu wa miguu, na umbali ukipotoshwa wanachoka na kukata tamaa njiani. Tukaongeza chini ya mshale: "dakika 15 kwa miguu". Ukiazima dawa ya mwenzako, tazama kwanza kama ugonjwa ni mmoja.

Dalili ya 5: Fomu zinarudi zimejazwa vibaya

Kabla ya kulaumu wajazaji, hesabu. Kama fomu 10 zina kosa mahali palepale, aliyekosea ni aliyechora fomu.

Sababu ya kawaida ni majina. Fomu nyingi zinazotoka nje zina visanduku viwili, na sisi Wakongomani tuna majina matatu: jina, postnom (jina la pili), prenom (jina la kwanza, kama la ubatizo). Postnom iliingia kwenye karatasi zetu kwa siasa ya Mobutu ya mwaka 1972, alipokataza majina ya Kizungu, na prenom iliporudi watu wakabaki na yote. Ukimpa mtu visanduku viwili, mmoja ataunganisha jina na postnom, mwingine ataacha postnom, wa tatu ataandika pembeni. Siku ya kugawa msaada, mtu huyohuyo yuko kwenye orodha mara mbili kwa sura mbili, au hayupo. Aliyechora visanduku viwili alidhani anarahisisha. Weka vitatu.

Kisha anwani. Namba ya nyumba hapa haijulikani na wengi. Weka komini (tarafa ya mji), kartie, avenu, halafu swali linalofanya kazi kweli: "Karibu na nini?" Tarehe ya kuzaliwa iwe na visanduku vya siku, mwezi na mwaka, na kwa wazee weka ruhusa ya kuandika mwaka peke yake.

Baada ya hapo pitia kila swali na kalamu nyekundu: jibu lake litamsaidia nani, na atalifanyia nini? Swali lisilo na mwenyewe litoke. Kikundi kimoja cha likelemba kilikuwa na fomu ya kurasa tatu, wakiuliza hata kazi ya baba wa mwanachama. Tulipomaliza ilibaki nusu ukurasa, na mhasibu wao akaniambia kwamba kwa miaka yote hakuwahi kufungua ukurasa wa pili.

SIMAMA ukiona swali la kabila, la dini au la ugonjwa wa mtu. Katika mji wetu karatasi yenye kabila la mtu inaweza kumwletea hatari ambayo mwandishi wa fomu hakuiwaza. Usilichape kwa mazoea. Mwenye fomu aeleze kwa nini analitaka na karatasi itafungiwa wapi. Asipoweza kueleza, mimi silichapi.

Dalili ya 6: "Afadhali ungeniandikia Kifaransa"

Neno hili linauma, nami huwa nalichukua kwa uzito. Mtu anayezungumza Kiswahili tangu amezaliwa anaona Kiswahili cha karatasi kigumu kuliko lugha ya shuleni.

Mara nyingi karatasi iliandikwa Kifaransa kwanza, ikatafsiriwa neno kwa neno. Kiswahili kimevaa koti la mtu mwingine. Dalili zake: sentensi inaanza na "katika mfumo wa", vitendo vimegeuzwa kuwa majina, "kufanyika kwa uoshaji wa mikono" mahali pa "nawa mikono". Usitengeneze sentensi hiyo. Funga karatasi ya Kifaransa, mweleze mtu jambo hilo kwa mdomo, na uandike ulichosema.

Sababu nyingine ni kukimbilia Kiswahili bora hata pale ambapo watu wana neno lao. Nakipenda Kiswahili bora, ndicho ninachoandika hapa. Lakini tangazo likisema "dumu" kwa watu wanaosema "bidoni", wengine watasita. "Tia dawa ya maji" inaeleweka kando ya ziwa kuliko "takasa maji kwa klorini", ingawa ni vizuri kuandika jina la dawa chini, kwa herufi ndogo.

Wakati mwingine neno la kwetu ni bora kuliko la kitaalamu hata kwa wataalamu. Gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, inayoua mbuzi na watoto pasipo upepo, sisi tunaiita mazuku. Watafiti wa volkeno wa nchi za nje wameliazima neno hilo, wanaliandika hivyohivyo katika kazi zao. Kibao kinachosema "MAZUKU. Usishuke hapa" kinatosha. Nimewahi kuombwa kukibadilisha kiwe na jina kamili la gesi. Nilikataa, nikaongeza tu mshale unaoonyesha njia ya kuzungukia juu.

Dalili ya 7: Kibao cha duka hakisomeki kutoka barabarani

Herufi ni ndogo. Wachora vibao wana kanuni ya sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Pima umbali kwa hatua zako, gawanya mita kwa 3, kisha zidisha kwa 2.5. Kama wateja wako wanapita kwa pikipiki, jina la duka na kitu kimoja unachouza vinatosha. Orodha ya bidhaa ikae ndani.

Dalili ya 8: Umerekebisha mara nne, na bado haijakaa sawa

Acha mpaka kesho. Ninasema hivi kwa uzoefu wa usiku mwingi wa jenereta: baada ya saa mbili juu ya sentensi moja, mtu anaanza kuhamisha maneno bila kuyabadilisha. Asubuhi soma kwa sauti, nje, kwa mtu.

Ukihitaji kitu cha kutazama wakati huo, simama pale panaposhuka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mbao, magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi, usukani, na mara nyingi kipande cha kandambili kilichopigiliwa mahali pa goti. Muulize mwenyewe kila kipande kinafanya nini, atakujibu bila kufikiri. Kile cha kandambili kinaonekana kama pambo mpaka uone goti la mtu aliyesukuma mchana mzima bila hicho. Halafu rudi kwenye karatasi yako, ulizie kila mstari swali lilelile. Ule unaokufanya utafute jibu, uweke pembeni kwanza, usiufute. Mpe mama wa makala asome bila huo mstari. Akijibu maswali mawili sawasawa, ufute sasa. Akikwama, urudishe.

Na kama kikwazo ni mkubwa wa ofisi anayeona karatasi fupi ni ya kitoto, usibishane naye mbele ya watu. Chapa zote mbili, yake na yako, zibandike kwenye avenu mbili tofauti kwa wiki moja, na mwombe katibu aandike kila simu ya kuuliza inayoingia na inatoka avenu gani. Mpelekee daftari lenyewe, akae nalo peke yake.